Mtoto Amehojiwa

Alikozaliwa sikujui na sitaki kukujua. Wasifu wake ulisomwa kanisani siku ya mazishi, kurasa nne nzima, ukianza na jina la kijiji na kuishia na orodha ya semina, na katikati yake kulikuwa na maneno kwamba marehemu alikuwa sauti ya watoto wa Kilimanjaro. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nilipoyasikia maneno hayo nilitoka nje nikasimama kwenye uwanja wa kanisa mpaka watu walipoanza kubeba jeneza.

Nitamwita Afisa, kama tulivyomwita ofisini. Alipenda kuitwa hivyo na kila mtu, hata na mke wake, ambaye alikuwa akipiga simu na kuuliza kwa unyenyekevu kama Afisa ameshakula. Kwa miaka minne nilikaa mbele ya mlango wake na taipureta yangu, mimi nikiwa binti niliyeolewa juzijuzi, yeye akiwa mtu mzima mwenye mvi za heshima. Miaka mitatu nilimheshimu na mmoja nilimchukia. Chuki ya huo mmoja imenitosha mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nchi ilikuwa imefungua milango, na kila kitu kikaingia kwa mpigo: mitumba, redio za kaseti, mabiskuti ya Kenya yaliyopitia Tarakea, na pia haki za mtoto. Serikali ilikuwa imeuridhia ule mkataba wa kimataifa, na sasa ulipaswa kushuka kutoka Dar es Salaam hadi kwenye ofisi kama yetu, zinazoshughulikia yatima, watoto waliotupwa, pamoja na ndugu wanaogombania watoto. Ulishuka kweli. Ulikuja kwenye maboksi, vijitabu vya jalada la bluu, Kiswahili kizuri cha kueleweka, na picha ya watoto wanacheka. Afisa aliyapokea maboksi yale kwa mikono yake, akayafuta vumbi kwa leso, akayafungia kabatini. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa suti yake.

Suti yenyewe ilikuwa ya Kaunda, ya kijivu, na mfukoni kulikuwa na kalamu nne ambazo kila moja ilitoka semina tofauti. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchapia. Alikunywa chai ya maziwa saa nne kamili, na kikombe hakikuoshwa na mtu mwingine ila yeye. Hakupayuka. Ukikosea alikuita jina lako taratibu, akanyamaza, mpaka ukaliona kosa mwenyewe. Nilimwona mtu wa maana sana.

Siku moja msichana wa shule ya msingi, wa darasa la sita hivi, aliyekuja na mama yake kwa shida nyingine, aliona kijitabu kimoja mezani kwake akaomba. "Shikamoo Afisa. Naomba hicho cha watoto." Afisa akakifunika kwa kiganja. "Hiki si cha kuchezea," alimwambia. Mama wa mtoto akaomba radhi. Mimi nilicheka, kusema kweli, nikaendelea na kazi. Nikikumbuka leo kwamba nilicheka, natamani nimfuate yule mtoto popote alipo nimpe boksi zima.

Vijitabu vile vilitoka kabatini mara moja kwa mwaka, Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto wa shule waliteremshwa kutoka mlimani tangu asubuhi, wakapangwa uwanjani kwa mistari, kila mmoja ameshika kijitabu kifuani kama walivyoelekezwa. Kisha Afisa alipanda jukwaani akawahutubia wageni kuhusu watoto. Aliweza kuzitaja ibara za mkataba kwa kichwa, bila karatasi, na wageni walipiga makofi. Jua la mchana wa Moshi mnalijua. Mwaka mmoja msichana mdogo wa mstari wa mbele aliyumba akaanguka chini. Afisa akasogeza kipaza sauti kidogo, akasema kwa upole, "Mwondoeni huyo, anatukatiza," akaendelea na ibara ya ishirini na nne, ambayo inahusu afya ya mtoto. Baada ya sherehe watoto walirudisha vijitabu, vikahesabiwa na kurudi kabatini. Hakikupotea hata kimoja, na jambo hilo liliandikwa kwenye ripoti kama mafanikio.

Nisije nikaambiwa nimemsingizia mtu. Afisa hakula rushwa. Katika miaka minne sikumwona akipokea hata ndizi mbivu. Mzee mmoja wa Old Moshi alimletea jogoo, na Afisa akamtuma mhudumu apande na jogoo yule mpaka nyumbani kwa mwenyewe akamrudishe. Angekuwa mla rushwa ningemwelewa haraka, ningemdharau mapema, na yaliyotokea yasingenishangaza.

Na kulikuwa na yule mtoto mchanga wa sokoni. Wauza ndizi walimkuta asubuhi amefungwa kwenye kanga nyuma ya magunia, wakaja kutuambia. Polisi walikuwa hawajafika. Afisa alivua koti lake, akamfunika nalo, akamkumbatia akatembea naye kwa miguu mpaka hospitali, akikataa gari kwa sababu lingemtikisa. Alikwenda kumwangalia kila siku kwa wiki tatu. Nilimkuta siku moja wodini ameketi na kile kitoto mapajani, machozi yanamtoka bila kuyaficha. Alimpa jina la mama yake mzazi. Siku ile nilisema moyoni kwamba nikipata shida na watoto wangu nitamkimbilia huyu.

Baadaye nimefikiri sana juu ya machozi yale, na yalikuwa ya kweli. Afisa aliwapenda mno watoto ambao hawajaanza kusema.

Waliokwisha kuanza kusema walikaa kwenye benchi. Lilikuwa nje ya ofisi, chini ya dirisha langu, na ndiyo maana nawajua. Mzazi au mlezi akiingia na mtoto, neno la kwanza la Afisa baada ya salamu lilikuwa, "Mtoto akae nje." Humo ndani wakubwa walizungumza habari za mtoto, saa moja, saa mbili. Mtoto alikaa akitazama barabara. Wadogo walilala. Wakubwa kidogo walisimama kila mlango ulipolia, wakidhani wanaitwa. Katika miaka minne sikuona hata mmoja akiitwa.

"Sheria ni koti la kutokea, binti," aliniambia wakati nikiwa bado kipenzi chake. "Ukienda Dar unalivaa. Nyumbani unalitundika, unakaa na shati lako." Nyumbani maana yake ilikuwa isale.

Kwa asiyekuwa wa kwetu, isale ni jani refu la kijani la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa. Aliyekosa akitaka kusamehewa hulichuma, hulifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Isale halikataliwi. Unaweza kulia, unaweza kusema maneno yako yote machungu, lakini mwishoni unalipokea, na ukishalipokea jambo limekwisha, halifufuliwi tena. Tangu utotoni tumetishwa juu ya atakayelikataa. Wazee wetu walilitumia kuzuia watu kuuana, na sina ubaya nalo. Ubaya wangu ni kwa mtu aliyelifanya kifaa cha ofisi. Afisa alikuwa na mmea wa isale kwenye kopo la rangi, dirishani, ndani ya chumba chake. Aliumwagilia mwenyewe kila asubuhi. Mkosaji aliyekuja mikono mitupu alichumiwa jani pale pale. "Isale likiingia, faili linatoka," alisema, na mafaili yake kweli yalitoka haraka kuliko ya ofisi yoyote mkoani. Walikuja kutoka mikoa mingine kujifunza.

Sasa niseme habari za Manka.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba na mama walikuwa wameshafariki, na tangu ana miaka minne alilelewa Kibosho na bibi yake mzaa mama. Alikuwa darasa la saba. Baba yake mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, alikuwa na majaruba ya mpunga huko Mabogini, na mpunga ukianza kukomaa ndege wa kwelea kwelea hushuka makundi kwa makundi, kwa hiyo lazima awepo mtu shambani tangu alfajiri mpaka jua lizame, anapiga debe na kupiga kelele. Huyo bwana alipanda mpaka shuleni, akamwambia mwalimu kuna msiba kwenye ukoo, akamchukua Manka. Hakukuwa na msiba. Manka alisimama kwenye mpunga siku tisa. Siku ya kumi bibi yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa, aliteremka mwenyewe akiuliza njia, akamrudisha. Baba mkubwa akatuma ujumbe kwamba mtoto ni wa ukoo wake na atarudi kumchukua. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki sita.

Bibi alikuja ofisini amevaa nguo zake za kanisani. "Mwanangu, mimi nimekuja kushtaki," aliniambia kabla sijamkaribisha. "Sikuja kusalimiana. Niandike hapo juu kabisa kwamba nashtaki." Nikamwandika. Afisa akapanga siku, wiki ile ile, ya kuwaita wote wawili, yeye na baba mkubwa.

Siku hiyo ilipofika, baba mkubwa alikuja na wazee wawili wa ukoo wake. Bibi alikuja na Manka, aliyevaa sare ya shule na sweta lililoshonwa viwiko. "Mtoto akae nje," alisema Afisa.

Walipofunga mlango Manka alisimama juu ya benchi, akachungulia dirishani kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shuka hapo utaanguka."

"Wataniita saa ngapi?"

"Watakuita tu. We subiri."

"Nina mambo matatu ya kumwambia Afisa. Nimeyapanga tangu jana."

"Mambo gani?"

Akatikisa kichwa. "Nitamwambia mwenyewe. Nikiyasema sasa yataniishia."

Akashuka, akakaa, mikono kwenye magoti, midomo inacheza kidogo kama mtu anayerudia shairi la shule.

Kati ya meza yangu na chumba cha Afisa palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na nilisikia kila kitu. Bibi alisema. Alisema kwa Kiswahili mpaka kikamwishia, akahamia Kichagga, akarudi tena. Alisema habari za shule, za uongo wa msiba, za miguu ya mtoto ilivyokuwa imevimba kwa kusimama kwenye maji. Afisa hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Afisa alimgeukia baba mkubwa. "Umekuja mbele ya mama huyu mikono mitupu?" Nikasikia kiti kikisogezwa, na jani linachumwa kwenye lile kopo. Nikasikia magoti ya mtu yakigusa sakafu.

"Afisa, mwanangu," bibi alisema, "hili umelileta wewe. Huyu hakulileta."

"Aliyelileta si hoja, mama. Limeshakuja."

"Unajua siwezi kulikataa."

"Najua," alisema Afisa.

Mengi nimemsamehe katika maisha yangu, hata lile la mtoto aliyeanguka uwanjani. Hilo "najua" sijamsamehe. Mama mzee alikuja kuomba sheria, na mtu wa sheria akamfungia njia kwa jani, akijua kabisa anachofanya.

Bibi alilipokea. Nilisikia analia.

Afisa alitoka na karatasi yenye mwandiko wake mzuri, akaiweka mezani kwangu. Fomu ilikuwa mpya, imetoka makao makuu baada ya mkataba kuridhiwa, na ilikuwa na sehemu ambayo haikuwepo zamani. Hapo alikuwa ameandika: "Mtoto amehojiwa, na ameridhia kwenda kuishi na baba yake mkubwa, ambako ataendelea na masomo."

"Afisa," nilisema, "mtoto yuko kwenye benchi. Hajahojiwa."

"Bibi yake amehojiwa."

"Hapa imeandikwa mtoto."

"Fomu ndiyo inataka mtoto. Wanataka kuona ibara ya kumi na mbili, ya kumsikiliza mtoto, imetekelezwa; basi imetekelezwa." Hakukasirika. Alikuwa akinifundisha kazi. "Huyo atasema nini ambacho bibi yake hakukisema? Chapa, binti."

Nikachapa. Niliweka karatasi za kaboni, nikatoa nakala tatu, safi, bila kosa. Ningeweza kusema kwamba niliogopa kupoteza kazi, lakini hata sikuogopa. Nilizoea tu.

Baba mkubwa alipotoka alimwambia Manka, "Twende." Manka akasimama. Hakumtazama, alinitazama mimi. "Dada, hajaniita bado."

Bibi yake alikuwa nyuma, ameshika isale. Afisa alikuwa anaosha kikombe chake. Nami nikamwambia mtoto yule, "Nenda tu, mdogo wangu. Watakuita siku nyingine."

Mtihani ulifanyika, na jina lake liliitwa kwenye chumba cha mtihani huko Kibosho mara mbili bila kuitikiwa. Mwenyewe alikuwa Mabogini na debe lake. Bibi ndiye aliyeniambia, nilipokutana naye sokoni Moshi. Nikamwuliza kwa nini asirudi ofisini. "Nikaseme nini? Nililipokea mwenyewe," alisema. Hakuja tena.

Mwaka uliofuata ilifanyika semina kubwa mjini, ukumbini, na wageni kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikaa pembeni kuandika kumbukumbu. Afisa alisimama kueleza mfano wa namna mila na haki za mtoto zinavyoweza kutembea pamoja. Akafungua faili. Hakutaja jina, lakini niliijua ile karatasi kwa mbali, maana niliichapa mimi. Binti wa miaka kumi na mitatu, yatima, ugomvi wa ndugu, usuluhishi kwa isale, pande zote zimeridhika. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Mgeni mmoja, dada mwenye miwani, akanyoosha mkono. "Na binti mwenyewe alisemaje?"

"Alihojiwa, akaridhia," alisema Afisa.

"Hakuulizwa," nikasema.

Sikupanga kusema. Lilinitoka, tena kwa sauti. Ukumbi mzima ukageuka. Afisa alitabasamu, tabasamu la baba mwenye subira. "Katibu wangu ana uchungu wa mama," akasema. "Ndiyo maana tunampenda." Wakacheka. Yule dada wa miwani naye alicheka kidogo, akainamia daftari lake, kisha tukaitwa kwenye chakula.

Wiki mbili baadaye aliniita na daftari langu la hatimkato, akanisomea barua. Ilikuwa ya kupendekeza uhamisho wa mtumishi kwenda Tarakea, mpakani, kwa manufaa ya kazi. Aliposoma jina la mtumishi nilikuwa nimeshaandika nusu yake. Niliichapa barua ya uhamisho wangu mwenyewe, na Afisa akanirudishia nirekebishe mkato mmoja.

Tarakea nilikaa miaka minne, mume Moshi na mimi huko, nikichapa barua za watu wa mpakani. Binti yangu alijifunza kuwaambia wenzake kwamba ana mama wa Jumapili. Bibi yake Manka alifariki nikiwa huko, na habari nilizipata baada ya mazishi. Niliporudi Moshi niliacha kazi ya serikali. Afisa alikuwa amepanda cheo.

Miaka ikapita mingi. Nilisikia amestaafu, nikasikia anaumwa sukari. Halafu Jumamosi moja mchana, nikiwa nyumbani kwangu Uru naanika kahawa, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Suti ya Kaunda ile ile ilikuwa imekuwa kubwa, yeye amesinyaa ndani yake. Mkono mmoja ulishika fimbo, na mwingine ulishika isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo," nilimwambia, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba, mama. Umekuwa mtu mzima."

Nikampa kiti, nikamletea chai isiyo na sukari. Ndani redio ilikuwa inazungumza juu ya sheria ya mtoto, kwamba sasa nchi itakuwa na sheria yake kamili, na Afisa alisikiliza kidogo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba wanamsifu yeye. Kisha akaweka fimbo chini, akalishika isale kwa mikono miwili.

"Mchungaji ameniambia nisiache kitu nyuma yangu. Nilikukosea kwa habari ya Tarakea. Nilikutenga na watoto wako. Naomba unisamehe."

Nikiri kitu. Moyo ulinilainika. Nilikuwa nimelingoja jani lile miaka yote, na mkono wangu ulikuwa umeshanyooka nusu njia. Ulisimama wenyewe.

"Na Manka?" nikamwuliza.

"Manka yupi?"

"Mtoto wa Kibosho aliyepelekwa Mabogini. Yule wa benchi."

Alitafuta. Niliona anatafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua kabati. "Lile la mpunga? Lile lilikwisha, mama. Isale liliingia."

"Liliingia kwa bibi yake. Manka hakupewa."

Hapo Afisa akacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Alishangaa kwa moyo wake wote. "Mama! Nani anampelekea mtoto isale?"

Na alisema kweli. Katika maisha yangu yote mlimani sijawahi kuona mtoto akiletewa isale. Wanaokosewa ni watoto, wanaopokea ni wakubwa.

"Sasa ni mtu mzima," nikamwambia. "Bado yuko kule kule. Inuka twende wote, nitakushika mkono."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie ulichoandika."

"Niliandika walichotaka kiandikwe."

"Mwambie hivyo hivyo."

Akaligeuza jani mikononi, mara mbili, mara tatu. "Mimi nimekuja kwa ajili yako," alisema mwishoni. "Lipokee tumalize."

"Silipokei," nikasema.

Mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi. Nadhani kwa Afisa ilikuwa mara ya kwanza kitu kutotoka kama alivyopanga. Aliinuka, akaokota fimbo yake, akateremka na isale lake mkononi. Hatukuonana tena mpaka nilipoliona jeneza.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, nikachuma isale langu mwenyewe, nikalifunga fundo, nikateremka Mabogini.

Nilimkuta kando ya jaruba, amefunga kanga kiunoni, anafunga makopo kwenye kamba ndefu ya kutishia ndege. Mtoto wake wa kike alikuwa shuleni, aliniambia baadaye, tena hilo alilisema mara mbili. Alinitazama nilivyokuwa nakuja kwenye tuta na jani mkononi.

"Shikamoo, dada," alisema. "Wewe si ndiye dada wa dirishani?"

Nikapiga magoti kwenye tope. Wanawake wa jaruba la pili wakaacha kazi.

"Inuka, dada, watu wanatazama."

"Waache watazame." Nikamwambia yote: fomu, kaboni, nakala tatu. Sentensi ile naijua kwa moyo, nikamsomea kama ilivyo. Mtoto amehojiwa, na ameridhia.

Kamba ya makopo ilikuwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo imeandikwa kwamba nilikubali."

"Ndiyo. Nimeandika mimi."

"Mimi siku zote nilidhani hamkuandika kitu." Akalitazama isale, hakunyoosha mkono. "Basi niulize kwanza. Umeandika umeniuliza, sasa niulize. Hilo jani tutaliona baadaye."

"Manka," nikasema, "una nini cha kusema?"

Akaweka makopo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akasimama wima, miguu pamoja, kama mbele ya mwalimu.

"La kwanza, bibi haoni vizuri, mimi ndiye ninayemsomea karatasi za dawa zake. La pili, mwalimu mkuu amesema nikikazana nitachaguliwa sekondari. La tatu, kama ni lazima niende kwa baba mkubwa, nitakwenda, sitakataa. Naomba tu niende baada ya mtihani. Ni wiki sita."